KAMINA: Nyumba ikiwaka moto, wengi wanakimbilia Biblia

Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, bwana na bibi wakishindwa kusikilizana, wengi hawaanzi kwa polisi wala kwa mwanasheria. Wanabisha hodi kwa pasta, kwa padri, ama kwa mama mzee wa kanisa. Biblia inawekwa mezani, na mambo ya nyumba yanatajwa moja moja.

Mambo yenyewe yanajulikana. Kamina ni njia panda ya reli: treni za SNCC zinatoka hapa kuelekea Lubumbashi, Kananga na Kalemie. Bwana akiwa safarini na mshahara ukikawia, bibi ndiye anabaki na deni la dukani, feza za masomo na maneno ya mashemeji. Kuna ndoa isiyopata mtoto. Kuna mahari isiyoisha. Kuna pombe.

Mahali pa kuomba shauri hapakosi. Wamethodiste wana askofu na chuo kikuu hapa. Wakatoliki wana jimbo lao la Kamina. Wapentekote wako upande huu tangu mwaka 1915, mmisionari Mwingereza William Burton alipofika Mwanza, karibu na Malemba-Nkulu. Ulizo ni hili: ni shauri la namna gani mtu anapewa?

Ningali nakumbuka mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kwetu nilipokuwa mtoto, wakati mjomba wangu na bibi yake walikuwa hawasemezani tena. Alimsikiliza mjomba peke yake, kisha bibi yake peke yake, kisha wote wawili. Biblia ilibaki mkobani karibu mchana mzima. Sisi watoto tulishangaa. Tulizoea wale wanaofungua kitabu kabla hata ya kukaa.

Ni hao wenye haraka wanaoleta shida. Chukua barua kwa Waefeso, sura ya 5. Mara nyingi bibi anasomewa mstari wa 22, unaomwambia amtii bwana wake. Ule wa 21, unaowaomba Wakristo wote watiiane, unarukwa. Ule wa 25, unaomdai bwana ampende bibi yake kama Kristo alivyolipenda kanisa hata akajitoa kwa ajili yake, unasomwa mbiombio. Malaki 2:16 nayo inatajwa kila mara kuzuia watu wasiachane, lakini mstari ule ule unalaumu pia udhalimu. Mama aliyefika na jicho lililovimba angepaswa kusomewa mstari mzima.

Kukalisha bwana na bibi pamoja si jambo geni kwetu Katanga. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, alikaa miaka mingi kati ya Baluba akijifunza namna wanavyofikiri, na mwaka 1945 akatoa kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu. Baadaye, kati ya wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi, kukazaliwa Jamaa. Humo watu wa ndoa waliingia wawili wawili, wakaitana baba na mama, na mafundisho yakatolewa kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Bwana hakuweza kusonga mbele akimwacha bibi yake nyuma. Namna hiyo ya kufundisha ingefaa kurudiwa leo, hata na Waprotestanti.

Kuna pia siri. Katika mji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, jambo lililosemwa siku ya posho likisikika katika mahubiri ya siku ya yenga, hata bila jina, mama yule hatarudi tena.

Na kuna mambo ambayo pasta hawezi kuyamaliza peke yake. Mtoto akiitwa mchawi kwa sababu baba amepoteza kazi ama ndugu mdogo amekufa, jambo hilo si la kuombea usiku kucha huku mtoto akinyimwa chakula. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kushitaki watoto uchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa azabu ya kifungo. Azabu hiyo haibagui mchungaji na mzazi.

Ubakaji ni vile vile. Tangu sheria za Julai 2006, mapatano ya kulipana kwa jamaa mbili hayazimi mashtaka, hata yakifanyika mbele ya wazee wa kanisa. Msichana anaweza kuombewa, na aombewe, lakini apelekwe kwanza hospitali: dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Kikao cha wazee kinaweza kungoja juma lijalo.