Warfarini Haigeuzi Damu Kuwa Maji

Wagonjwa wengi wanaoanza kutumia warfarini huelezwa kwamba wamepewa “dawa ya kuyeyusha damu”. Jina hilo ni jepesi kukumbukwa, lakini linapotosha. Anayeamini kuwa damu yake inageuka maji huogopa kuishiwa nguvu, na pengine huiacha dawa mara anapojisikia vizuri. Ukweli ni kwamba warfarini haiongezi maji katika damu, wala haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Inachobadilisha ni protini chache zinazotengenezwa na ini.

Dawa hii hutumiwa na watu wenye fibrilesheni ya atria, yaani hali ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetema badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Damu ikituama humo huweza kuganda. Bonge likichomoka na kufika ubongoni, huziba mshipa na kusababisha kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mtu mwenye tatizo hili ni takriban mara 5 ya asiye nalo, na warfarini ikitumiwa ipasavyo huipunguza kwa karibu theluthi mbili.

Damu huganda kwa kazi ya protini zinazoamshana moja baada ya nyingine, mithili ya watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto. Nne kati yake, zinazojulikana kwa namba 2, 7, 9 na 10, hukamilishwa katika ini kwa msaada wa vitamini K. Zikishakamilika, huweza kushika kalsiamu na kunata mahali palipojeruhiwa. Vitamini K iliyotumika hurejeshwa katika hali yake ya awali ili itumike tena, na warfarini huzuia urejeshaji huo. Ini huendelea kutoa protini hizo, ila nyingi hutoka pungufu na hazifanyi kazi yake.

Protini zilizokamilika kabla ya kidonge cha kwanza hubaki katika damu hadi ziishe zenyewe. Namba 7 hupungua kwa nusu katika saa 6 hivi, ilhali namba 2 huchukua siku 2 hadi 3. Kwa sababu hiyo kipimo cha INR huweza kupanda mapema, kabla kinga haijakamilika.

Vitamini K hukamilisha pia protini C na protini S, ambazo huzuia damu isigande kupita kiasi. Protini C huisha mapema, hivyo katika siku za mwanzo mizani huweza kuelemea upande wa kuganda. Mhudumu wa afya hapaswi kuanza na dozi kubwa kwa nia ya kuharakisha matokeo.

Kwa wagonjwa wengi wa fibrilesheni ya atria, lengo la INR ni kati ya 2 na 3. Ikiwa chini ya hapo, kinga ni hafifu. Ikipanda sana, hatari ya kutokwa damu huongezeka. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K kwa wingi, lakini havikatazwi: kinachotakiwa ni kuvila kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya warfarini. Metronidazoli na kotrimoksazoli huiongeza. Diklofenaki na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu.

Dawa mpya hupita njia nyingine. Apiksabani na rivaroksabani hushika moja kwa moja protini namba 10 iliyokwisha kuamshwa. Dabigatrani hushika namba 2. Hufanya kazi katika saa chache na hazihitaji INR ya mara kwa mara. Hata hivyo, hazifai kwa wenye vali bandia za chuma. Kwa wenye fibrilesheni inayotokana na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ambao bado upo Afrika Mashariki, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500, ulionyesha vifo vichache kwa waliopewa dawa za kundi la warfarini kuliko rivaroksabani.

Mgonjwa aliyesahau kidonge akimeze siku hiyo hiyo anapokumbuka. Siku ya pili asimeze viwili. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amwone daktari mapema, kwani warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Kinyesi cheusi, mkojo wenye damu, damu ya pua isiyokoma, maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au kuanguka na kugonga kichwa ni sababu za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na kadi ya INR ichukuliwe mkononi.