Bunduki tunahesabu, risasi je?

Mjadala wa raia kumiliki bunduki ukianza, hukosi mtu wa "lakini Marekani..." Sawa, twende huko. Mtu hujaza upya maganda ya risasi kwa gereji yake, na kama hauzi, serikali kuu haimdai leseni. Vifaa vinaongezeka hadi meza inajaa, na usalama wote unategemea vile amevipanga: baruti kwenye mkebe wake wa asili wenye lebo, fataki (kile kidude cha kuwasha risasi) mbali nayo, na mezani aina moja tu ya baruti kwa wakati. Akichanganya, bunduki inaweza kumlipukia usoni. Kwetu Sheria ya Silaha, Cap 114, inataka cheti hata kwa risasi zenyewe. Sasa mimi huuliza wa "lakini Marekani": hiyo meza ya gereji, nani ataikagua?