Ua wa Nyuki kwa Shamba Dogo

Mkulima wa ekari mbili kando ya hifadhi akiulizwa anataka nini ili tembo wasiingie shambani, mara nyingi atataja uzio wa umeme. Ni ombi la haki, ila kwa shamba dogo ni mzigo. Waya huo hudai betri, fundi na mtu wa kufyeka kila mara, kwa sababu nyasi zikigusa waya umeme huvujia ardhini. Tembo naye hujifunza: pembe zake hazimpitishii umeme, basi huzitumia kukata waya, au huangusha nguzo. Uzio wa milima ya Aberdare nchini Kenya, wenye kilomita zipatazo 400, una taasisi na askari wa kuukagua. Mwenye ekari mbili ana familia yake tu, iliyochoka kukesha kwenye dungu. Kwa hiyo ua wake usipimwe kwa ugumu, upimwe kwa hofu unayompa mnyama na kwa sababu anayokuwa nayo mwenyewe ya kuutunza.

Ua wa mizinga ya nyuki unakidhi vipimo hivyo viwili. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita kumi hivi, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira kumuuma machoni na ndani ya mkonga. Mtafiti Lucy King na wenzake walilinganisha mashamba 17 yenye ua huo na jirani zake 17 yaliyozungushiwa miiba tu. Katika miaka miwili tembo waliingia au walijaribu kuingia mara 45, na ni dume mmoja tu aliyevunja ua wa nyuki. Boma la miiba, ambalo wengi wetu tumelirithi bila kulihoji, lilishindwa vibaya.

Wapo wanaosema kwamba nyuki hulala usiku, na tembo huja usiku. Ni kweli nyuki hawaendi machungani gizani, lakini mzinga uliotikiswa hauna usingizi. Tena tembo ana kumbukumbu: waliposikilizishwa sauti ya nyuki iliyorekodiwa, bila hata nyuki mmoja kuwapo, makundi mengi yaliondoka. Ndiyo maana baadhi ya mizinga katika ua huwa ya bandia, vibao tu, na gharama hupungua.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni ukame. Maua yakikosekana nyuki huhama, na mzinga mtupu hauumi mtu. Hapo ndipo asali inapoingia katika hesabu, kwani mkulima anayevuna asali ana sababu ya kuweka maji, kivuli na miti ya maua karibu na mizinga, jambo ambalo uzio wa umeme haumsukumi kulifanya. Hata hivyo nyuki hawamzuii nguruwe pori anayepenya chini ya waya, wala nyani. Kwa hao doria na mbwa bado vinahitajika, na atakayemuuzia mkulima ua wa nyuki kama dawa ya wanyama wote anamdanganya. Na halmashauri na wafadhili wanaogawa mizinga, tunawaomba ripoti zao zihesabu mizinga yenye nyuki baada ya kiangazi, si ile iliyotundikwa siku ya uzinduzi.