Friji ya dola 2,000: Tununue huku au tutume fedha nyumbani?

ARLINGTON, Virginia - Kila mwaka ifikapo wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, mwezi Novemba, maduka makubwa ya Pentagon City na vitongoji vya jirani hushusha bei za friji, majiko na mashine za kufulia. Hapo ndipo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo wa eneo hili huanza kupigiana simu. Swali ni lile lile: je, kifaa hiki kina thamani ya bei yake? Tumelisikia mara nyingi mno, na leo tunalijibu kwa hesabu.

Tuanze na anayenunua kwa matumizi ya hapa hapa. Wengi wetu Arlington ni wapangaji, na katika majengo mengi friji, jiko na hata mashine ya kuosha vyombo ni mali ya mwenye nyumba. Kumnunulia mtu huyo friji ya fahari ni kumpambia nyumba yake bure.

Kwa aliyenunua nyumba, asome kwanza kibandiko cha njano cha EnergyGuide, ambacho sheria ya Marekani imekilazimisha tangu mwaka 1980. Kinaonyesha uniti za umeme zitakazotumika kwa mwaka. Tuseme friji ya dola 900 inatumia uniti 600, na ile ya dola 2,400 yenye kioo cha intaneti mlangoni inatumia uniti 500. Kwa senti 15 kila uniti, ya ghali inakuokolea dola 15 kwa mwaka. Tofauti ya bei ni dola 1,500, kwa hiyo itarudi baada ya miaka 100. Kioo chenyewe kazi yake ni kukuonyesha kama maziwa yamekwisha, jambo ambalo hata kufungua mlango kunakuonyesha.

Lakini sehemu kubwa ya fedha zetu haiishii kwenye jikoni za Arlington. Inakwenda kwenye kontena, kwa mama aliyeko Tanga, Kisumu au Bujumbura, kwa imani kwamba kitu cha Marekani ni imara. Hapa ndipo watu wanapoumia.

Umeme wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Wa Tanzania ni volti 230, na wa Kenya na Uganda ni 240, wote hezi 50. Kila mtu anajua habari ya volti, ndiyo maana wengi hununua na transfoma. Wasichojua ni kwamba transfoma hubadilisha volti tu, hezi haizigusi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa hezi 50 huzunguka polepole zaidi kwa sehemu moja ya sita, na hupata joto. Kompresa ya friji ya namna hiyo inapoza kidogo huku ikijichosha sana. Hata saa ya jiko, kama ni ya aina inayohesabu mawimbi ya umeme, huchelewa dakika 10 kila saa. Na transfoma yenyewe lazima iwe kubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa friji inapowaka huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida yake. Tena inakula umeme mchana na usiku, na anayelipa ni mama.

Jiko la gesi nalo lina lake. La huku limetengenezwa kwa gesi ya bomba. Nyumbani tunatumia mitungi, na bila kubadilishwa vijitundu vya kutolea gesi moto hauwi salama. Televisheni, kinyume chake, nyingi zimeandikwa nyuma volti 100 hadi 240, hivyo zitawaka bila shida. Ila haziwezi kunasa matangazo ya kidijitali ya kwetu bila king'amuzi. Mashine ya kukaushia nguo hatuoni sababu ya kuijadili. Jua la Tanga halitozi senti.

Sasa ushuru. Kwa muda mrefu bidhaa zilizokamilika zinazoingia Afrika Mashariki zilitozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 lipo daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Chukua friji ambayo bei, nauli ya meli na bima vimefikia dola 1,000. Ushuru wa asilimia 25 ni dola 250. VAT ya Tanzania, asilimia 18, inakatwa kwenye 1,250, nayo ni dola 225. Umeongeza dola 475 kabla ya tozo nyingine za bandarini na usafiri wa kufikisha mlangoni.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru mtu anayerudi kuishi nyumbani, kwa vyombo alivyokuwa akivitumia. Sharti ni kwamba arudi. Sisi ambao siasa imetufanya tusiwe na tarehe ya kurudi, kontena letu linafika bila sisi, na linalipiwa kama bidhaa ya dukani.

Kwa hesabu hizo, friji inunuliwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, iliyotengenezwa kwa hezi 50 na yenye dhamana ya duka la pale pale, pamoja na kifaa cha kuikinga umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Kenya nzima iliingia gizani Agosti 2023. Kishindo cha namna hiyo hakiulizi friji ilinunuliwa wapi.

Najua litakalofuata, wasomaji wetu wameshatuambia: ukituma fedha ya friji, inageuka ada ya shule, mara msiba, mara bati. Hatuwezi kuwalaumu walioko nyumbani, maana ada nayo ni ada. Dada mmoja anayelea wazee hapa Arlington hulilipa duka moja kwa moja kwa simu, kisha duka linapeleka friji kwa mama yake na kumtumia picha ya risiti yenye namba ya mashine. Mwaka jana fundi wa duka alibadilisha kidhibiti joto bure, dhamana ilikuwa haijaisha.