Friji inayozimwa usiku ni hatari kwa afya

Je, msomaji, wewe ni miongoni mwa wale ambao huzima friji wakati wa kulala ili kupunguza gharama ya stima? Ikiwa ndivyo, jua kwamba pesa unazookoa huenda zikaishia kwa daktari.

Watu wa nyumba moja wanapokuja kwetu wakitapika na kuhara kwa pamoja, mara nyingi chanzo huwa ni kiporo. Bakteria huzaana upesi katika joto la kati ya digrii 5 na 60 za selsiasi, na friji iliyozimwa hufikia joto hilo kabla ya mapambazuko.

Wengi hudhani kwamba kuchemsha chakula asubuhi humaliza tatizo. La hasha! Moto huua bakteria wengi, lakini baadhi yao huwa tayari wametoa sumu isiyoharibika kwa kuchemshwa. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee na akina mama waja wazito.

Ikiwa nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, jambo hili ni zito zaidi. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika digrii 2 hadi 8. Ikipata joto kwa muda mrefu hupoteza nguvu, na ikiganda haifai tena. Usiiweke karibu na sehemu ya barafu.

Basi dawa si kuzima friji, bali ni kununua friji isiyokula stima nyingi. Ukienda dukani, zingatia haya:

Kwanza, tafuta kibandiko chenye nyota, ambacho kiliwekewa kanuni hapa Kenya mwaka wa 2016. Nyota ni 1 hadi 5, na zikiwa nyingi ndivyo bora. Lakini linganisha friji za ukubwa mmoja, kwani kubwa yenye nyota nyingi yaweza kula stima kuliko ndogo yenye nyota chache.

Pili, soma idadi ya uniti zinazotumika kwa mwaka. Tuseme moja hutumia uniti 200 na nyingine 350. Katika miaka 10, tofauti ni uniti 1,500. Zidisha kwa bei unayolipia tokeni, na utaona kwamba friji rahisi dukani huenda ndiyo ghali nyumbani.

Tatu, jihadhari na friji kuukuu. Bana noti mlangoni, kisha uivute. Ikitoka bila kushikiliwa, mpira umechoka na baridi inavuja.

Ukiifikisha nyumbani, iweke mbali na jiko na jua, na uache nafasi nyuma yake ili joto litoke. Digrii 4 zatosha kwa friji, na 18 chini ya sufuri kwa frizi. Chakula moto kipoe kwanza, lakini kisikae nje zaidi ya saa 2.

Stima ikipotea, usifungue mlango ovyo. Chakula hukaa salama saa 4 hivi katika friji, na saa 48 katika frizi iliyojaa. Muda huo ukipita, tupa nyama, maziwa na kiporo kilichopata joto. Usionje ili kujua kama kimeharibika, kwani sumu nyingine haina harufu wala ladha.