Je, Wajua? Klorini na Maji ya Kunywa

Je, wajua kwamba klorini, dawa itiwayo majini ili kuangamiza vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, huzaa humo vitu vingine visivyokusudiwa? Mwaka 1974 mkemia wa Kiholanzi Johannes Rook, aliyehudumu katika idara ya maji ya Rotterdam, baada ya kuipima hewa iliyokaa juu ya maji ndani ya chupa iliyozibwa, alidhihirisha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea iliyooza, yale yayapayo maji ya mto rangi ya manjano, hupatikana klorofomu na jamaa zake, trihalomethani. Klorofomu ilipothibitika kuwaletea saratani panya wa maabara, Marekani iliweka mwaka 1979 kikomo cha mikrogramu 100 za vitu hivyo kwa lita, kisha ikakishusha hadi 80. Na tafiti za wanadamu zimeonyesha uhusiano na saratani ya kibofu cha mkojo. Hata hivyo asighairi mtu kutia dawa, kwani Shirika la Afya Duniani lasisitiza kwamba madhara hayo ni madogo mno yakilinganishwa na maradhi ya maji yasiyotibiwa. Kwa rai yangu, lililo bora ni kuyaacha maji yatuame na kuyachuja vema kwanza, ndipo klorini itiwe.