Mashahidi wa Baraka na Fizi

Hadithi za upelelezi zapendwa sana nyumbani mwetu. Mtu auawa katika mji mdogo, jamaa zake waanza kutazamana kwa jicho la mashaka, na mwishowe mwenye akili amtaja muuaji. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotoa kitabu chake cha Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, wasomaji wa Kiswahili wamemjua Bwana Msa, hodari wa kazi hiyo. Kitabu hufungwa, nasi hulala tumeridhika. Katika maisha ya kweli sivyo. Muuaji ajapotajwa, kilio hakiishi. Na mara nyingi hatajwi kamwe. Basi leo twaeleza habari za mauaji yaliyotokea kweli kando ya Ziwa Tanganika, ambayo uchunguzi wake ulikwisha karibu miaka 60 baadaye.

Siku moja ya Novemba

Mwaka 1964 mashariki ya Kongo iliwaka moto wa uasi wa Simba. Mwezi wa Mei waasi waliteka Uvira, na nchi ya Fizi ikawa mikononi mwao. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, na waasi wakapoteza makao yao makuu. Siku 4 baadaye, Jumamosi tarehe 28, gari la waasi lilisimama mbele ya kanisa la Baraka.

Bruda Vittorio Faccin, mwenye umri wa miaka 30, alitoka nje. Aliamriwa kupanda gari, akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, wa miaka 31, alikuwa akiwaungamisha Wakristo. Alipotoka na kuiona maiti ya mwenzake, hakukubali kuondoka. Alipiga magoti kando yake, akasema kwamba kama ni kuuawa, apenda kufa pamoja na ndugu yake. Wakamwua papo hapo.

Jioni ile gari lilipanda mpaka Fizi, kule milimani. Padri Giovanni Didonè, wa miaka 34, alifungua mlango, akapigwa risasi. Padri Albert Joubert, aliyekuwa pamoja naye, aliuawa vile vile.

Watatu kati yao walikuwa Waitalia, Wamisionari Wasaveriani. Padri Joubert alikuwa mwana wa nchi, aliyezaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, upande wa Moba. Baba yake, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa na askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, aliwalinda watu wa kando ya ziwa dhidi ya wauza watumwa. Mama yake alikuwa Mwafrika.

Swali la Kanisa

Mpelelezi huuliza: Nani aliua? Kanisa nalo, likitaka kumtambua mfia dini, huuliza zaidi: Kwa sababu gani? Maana vitani watu huuawa kwa siasa, kwa mali, kwa rangi yao, au kwa ghadhabu ya walioshindwa. Mfia dini ni yule aliyeuawa kwa sababu wauaji waliichukia imani yake, naye akakipokea kifo kwa ajili ya Kristo. Tena waasi walikuwa na hasira juu ya Wazungu siku zile. Basi swali lilikuwa gumu. Lakini tukumbuke ya kuwa Padri Joubert hakuwa na kwao kwingine ila ukingo wa ziwa hili.

Kwa kesi ya namna hii askofu hapeleki uvumi Roma. Huweka baraza lenye hakimu, mwandishi, na mtetezi wa haki, ambaye kazi yake ni kuhoji ili neno la uongo lisipite. Kila shahidi huapa, na husikilizwa peke yake. Aliyeona kwa macho hutengwa na aliyesimuliwa. Kisha hati hutiwa muhuri na kupelekwa Roma. Huko hupimwa na wanateolojia, halafu na makardinali na maaskofu, kabla Baba Mtakatifu hajaamua.

Tarehe 14 Desemba 2023 Papa Fransisko aliidhinisha tamko kwamba hao wanne walikufa kwa ajili ya imani. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa aliwatangaza Wenye Heri kwa jina la Papa.

Somo kwa nyumba zetu

Wapo watakaosema: Habari hizi zatufaa nini, sisi ambao wafu wetu hawatatangazwa na mtu? Nchi ya Fizi ina makaburi mengi. Pale Makobola, katika siku za mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, waliuawa mamia ya watu. Nasi twajua yafuatayo msibani: mjane hushutumiwa, mjomba huitwa mchawi, ndugu hugawanyika, na mtoto hunong'onezwa kwamba akikua atalipa kisasi. Hivyo muuaji mmoja huua mara mbili, kwanza mtu, kisha ukoo.

Yatupasa kujifunza kwa baraza lile. Familia iandike jina la marehemu, siku, mahali, na majina ya walioona. Itenge kilichoonwa na kilichosikika. Isimpe mganga kazi ya hakimu. Wala msamaha wa Mkristo haufungi mlango wa mahakama. Mwaka 2011 mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka, wanawake wakathubutu kusimama na kusema walivyotendewa Fizi siku ya mwaka mpya. Tarehe 21 Februari luteni kanali aliyekuwa mkuu wa askari wale alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Kama wangenyamaza, hukumu hiyo isingalipatikana.

Lugha yetu ina hekima. Asemaye kweli barazani huitwa shahidi, na afaye kwa imani wazee wetu walimwita shahidi pia. Si wote tutakaoitwa kuwa shahidi wa namna ya pili. Lakini ile ya kwanza ni wajibu wa kila nyumba iliyofiwa: kusema kweli yote, bila kuongeza neno, na bila kumrithisha mtoto chuki. Wenye Heri wa Baraka na Fizi, mtuombee.